Saa Niliyomsomea Baba

Baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la kahawa pale Mbinga, na katika miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumwona akikisia kitu. Mkulima angeapa kwa watakatifu wote kwamba uzito wa gunia lake unajulikana tangu nyumbani. Baba angetikisa kichwa, angelipandisha mizanini, angesubiri mshale utulie kabisa, ndipo aandike. "Mimi sibahatishi," ndiyo ilikuwa kauli yake. Hata sukari ya chai aliisawazisha kwenye kijiko kwa ncha ya kidole. Mama alikuwa akimtania kwamba siku ya kufa kwake itabidi tumpime kwanza, la sivyo atakataa kuingia kaburini.

Kisha soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi walipanda Mbinga na malori yao, kahawa ikawa inanunuliwa barabarani, shambani, karibu na mlango wa kanisa, na ghala la baba likafungwa. Alikwenda kuomba kazi kwa mmoja wa wanunuzi wale wapya. Akapokewa na kijana mwenye adabu zake, aliyemwamkia shikamoo, akampa kiti, kisha akamweleza taratibu kwamba mizani ya siku hizi inajisomea yenyewe. Baba aliirudia sentensi ile nyumbani kwa wiki nzima. "Inajisomea yenyewe," alikuwa akisema huku anafunga kamba za viatu, huku anamenya ndizi. Alikuwa na miaka hamsini na minne na mvi zake ungeweza kuzihesabu.

Watu walitegemea kiinua mgongo chake kitaleta mashine ya kusaga. Yeye akaleta runinga na mashine ya gemu. Jirani yetu mwenye duka, mtu mwenye asili ya Kilwa ambaye baba alimwita Shehe, alikuwa akileta bidhaa kutoka Dar es Salaam, na mizigo ya miaka ile ilikuwa na kila kitu: redio, mapazia, vyombo vya plastiki, wanasesere wasio na vichwa. Mashine ilitokea humo. Baba akafungua chumba cha mbele kinachotazama barabara, akapanga mabenchi mawili, na watoto wakitoka shule wakawa wanajaa kucheza mpira na ngumi. Ukoo mzima ulicheka. Mimi nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana, na niliposikia habari hizo nilitamani ardhi inimeze. Niliona kazi imemtupa, sasa amerudi utotoni.

Likizo ilipofika nilimkuta asubuhi peke yake mbele ya runinga, watoto wakiwa shule. Miwani puani, daftari mapajani, penseli sikioni. Kwenye kioo mwanamke mwenye sketi ndefu alikuwa akitembea ufukweni na taa mkononi.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Shangazi," akajibu bila kugeuka.

Watoto ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa alitembea ameinama mbele, kwa haraka, kama shangazi aliyesikia kuna sherehe kwa kaka yake na hakualikwa. Zaidi ya kumcheka hawakuwa na haja naye. CD yake haikuwa na goli wala ngumi, na maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, basi ilikaa chini ya rundo mpaka baba alipoiokota. Kiingereza cha baba kilikuwa kile cha kwenye magunia. "Afadhali umekuja," akaniambia, akanisogezea kigoda. "Nisomee hapa."

Gemu ile ya kwanza ilikuwa na kisiwa kimoja kidogo katikati ya ziwa. Shangazi anaanzia kwenye nyumba ya mawe, anatoka, anazunguka, anatafuta namna ya kuwasha mnara wa taa. Hakuna anayemkimbiza. Kila mlango una fumbo lake, na jibu la fumbo liko mahali fulani panapoonekana, ukiwa na macho: rangi ya dirisha, idadi ya ngazi, upande ambao nyasi zimelalia. Baba alichora kila kitu nyuma ya fomu za ghala zilizobaki, na ramani zake zilikuwa safi kuliko za kitabu changu cha jiografia. Ndani ya siku tatu aibu yangu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nikiamka mapema kuliko yeye, nikitandika kitanda nusunusu, nikikimbilia kigoda.

Jambo moja tu lilimkera. Chini ya jabali la kaskazini kulikuwa na mlango, nusu yake umezama majini, na Shangazi hakuweza kuufikia kwa vyovyote. Tulimzungusha kwa mtumbwi, tukamrusha kutoka juu, akazama na kurudishwa ufukweni akiwa ameloa. Hatimaye tuliwasha mnara, muziki ukapigwa, majina ya waliotengeneza yakapanda kwenye kioo, na ule mlango ukabaki palepale.

"Hawajamaliza kazi," baba akasema. Alikasirika kweli, kama angekasirikia fundi aliyeacha ukuta bila lipu.

Miezi kadhaa baadaye, nikiwa tena likizo, Shehe alileta CD nyingine, ya pili, yenye picha ya Shangazi yuleyule. Mimi sikutegemea makubwa. Kwenye mabanda ya video ya Mbinga tulizijua filamu za pati ya pili. Aliyekufa amefufuka bila maelezo, adui ni kaka wa adui wa kwanza, na milipuko imeongezwa ili usigundue unalishwa kiporo. Baba aliiweka CD, Shangazi akatokea, amezeeka kidogo, kichwani amefunga kitambaa. Amesimama mbele ya nyumba ileile ya mawe. Kisiwa kilekile. Nilikuwa nimeshaanza kucheka Shangazi alipofika ukingoni, na baba akainuka kwenye kiti.

Maji yalikuwa yamepungua.

Kote tulikozoea kuona ziwa kulikuwa na nchi kavu. Matope yaliyopasuka, nyasi changa, mitumbwi imelala ubavu, mawe yenye utepe mweupe mahali maji yalipokuwa yakifika zamani. Kisiwa tulichokijua kama kiganja kilikuwa sasa kilele cha mlima, na mlima ulikuwa na mabonde yake, na mabonde yalikuwa na kijiji kizima kilichokuwa chini ya miguu yetu siku zote zile tulizopiga makasia juu yake. Mtumbwi tuliouzamisha wenyewe katika sehemu ya kwanza, ili kupunguza uzito wa gati, ulikuwa pale, umeoza, na sanduku bado limefungwa ndani yake. Kisima tulichochota maji kilikuwa kikavu, na ukishuka ndani yake unatokea kwenye njia. Na mlango wa jabali la kaskazini ulikuwa juu kabisa, wazi machoni, na ngazi ndefu za mawe zinashuka kutoka kwake mpaka bondeni. Waliotengeneza hawakuwa wameuacha kwa uvivu. Walikuwa wameshaujua tangu mwanzo.

Nimecheza gemu nyingi tangu wakati huo, na watoto wangu wananicheka kwa hilo, lakini sijakutana tena na watu walioiheshimu kazi yao ya kwanza namna ile. Hawakukimbilia kisiwa kipya. Walichukua kilekile wakajiuliza chini yake kungekuwa na nini, wakajibu kwa uaminifu, jiwe kwa jiwe. Fumbo la sehemu ya pili lilikutaka ukumbuke ulichokiona katika ya kwanza, na ukikumbuka lilikulipa. Baba, aliyekuwa na ramani zake zote, alikuwa tajiri.

"Huyu mtu aliyeitengeneza amekaa ziwani," alisema siku ile. Alisema hivyo mara nyingi. Yeye mwenyewe ni Mnyasa wa Chiwanda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alipanda Mbinga kutafuta kazi akaoa huku, na alisoma kioo kile kwa macho ya nyumbani kwao. Alinionesha jinsi kombe zilivyopangwa mstari mmoja, kwa sababu maji yakishuka hushuka kwa vituo. Alinionesha nyasi zinazotangulia kuota kwenye matope. Nikambishia kwamba ziwa halipungui kiasi hicho, ni mambo ya gemu. Wiki iliyofuata akanichukua kwenda kuwasalimu ndugu zake Chiwanda, na tuliposhuka Mbamba Bay kusubiri gari la kuendelea, akanipeleka kwenye mawe makubwa ya ufukweni.

Utepe mweupe ulikuwepo. Ulikuwa juu ya kichwa changu.

"Hili hupanda na kushuka," akasema. "Si kwa mwaka, kwa miaka. Unaona wale wanaovuta nyavu? Zaidi ya hapo kidogo, nikiwa mdogo, bibi yako alikuwa na shamba la mihogo."

Mimi ziwa nililijua kwa kuogelea na kwa dagaa. Sikuwahi kufikiri kwamba lina sakafu, na kwamba bibi yangu aliwahi kuitembea na jembe begani. Nilisimama pale nikitazama maji nikitaka kuona kilicho chini yake, na baba alinunua samaki, mbasa wa kuchoma, tukala kwa mikono tukiwa tumekaa juu ya jiwe, na nakumbuka nilimpenda mno siku hiyo.

Hatukuwa sisi wawili tu tuliojua mambo. Kulikuwa na fumbo moja la mteremko wenye mashimo mengi yaliyopangwa miraba, na maji yanatoka juu, na kazi ni kuyafikisha chini kwenye kinu bila kusomba njia. Baba alihangaika siku mbili akifungua na kuziba mashimo ya karibu na kinu. Mama akapita na ungo wa maharage, akasimama mlangoni. Mama ni Mmatengo. Amelima ngolo tangu akiwa na nguvu za kushika jembe, mashimo yaleyale ya miraba yanayoshika mvua kwenye milima yetu.

"Mbona mnaanzia chini?" akauliza. "Maji unayashika juu, kabla hayajapata nguvu."

Baba akaanzia juu. Kinu kikazunguka. Mama akaondoka na ungo wake bila kuuliza kilichotokea, na baba akasema kwa sauti ya chini kwamba watengenezaji hawa lazima wana mke Mmatengo.

Tulifika kwenye mlango wa kaskazini siku nne kabla sijarudi shule. Juu yake kulikuwa na saa kubwa iliyosimama, isiyo na tarakimu, vistari kumi na viwili tu. Pembeni ulining'inia mnyororo wenye kulabu tatu, na chini yake mawe tisa ya uzito mbalimbali. Mpango ulieleweka: chagua mawe matatu yenye uzito unaofaa, yaning'inize ili saa ipate nguvu, weka mshale mfupi kwenye saa inayotakiwa, gonga kengele. Ukikosea, kengele inaliita ziwa. Maji yanarudi kwa kishindo, Shangazi anasombwa mpaka upande wa pili wa kisiwa, na kurudi mlangoni ni kazi ya karibu saa nzima.

Kwenye kizingiti palikuwa na mstari mmoja wa maneno. Nikausoma. Ulisema nyumba iamshwe, na mwisho wake palikuwa na neno dogo, namba moja.

"Nyumba iamshwe saa moja," nikamwambia baba. Sikumeza hata mate.

"Saa moja?" Baba akacheka. "Jua limeshapanda! Wazungu wanalala jamani."

Akauzungusha mshale mfupi mpaka pale ulipokaa kila asubuhi ya maisha yake alipokuwa akifungua ghala, chini kushoto, kistari kimoja baada ya kile cha chini kabisa. Kisha akageukia kazi anayoipenda, mawe. Kulikuwa na mizani ndogo ndani ya banda la mitumbwi. Akayapima yote tisa, akaandika, akajumlisha, akaning'iniza, akagonga kengele. Ziwa likarudi likatusomba. Akajaribu mawe mengine, likatusomba tena. Nilipoondoka kwenda shule alikuwa bado anajaribu, na aliniaga akiwa na furaha, penseli sikioni.

Mtu mwingine angeacha mawe akajaribu saa zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, mpaka mlango uchoke. Baba hakubahatisha. Na saa kwake haikuwa jambo la kujaribu, kwa sababu ilikuwa imesomwa na mwanawe.

Mwezi wa tatu mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa habari ya kusoma, ya mgeni aliyealikwa chakula cha mchana. Mgeni aliambiwa afike ikifika moja. Nikacheka peke yangu. Mwalimu akaniuliza kinachonichekesha, nikasimama nikasema kwa kujiamini kwamba hakuna binadamu anayekula chakula cha mchana saa moja. Darasa zima likaangua kicheko, na hawakuwa wanamcheka mgeni. Moja yao ni saa saba yetu. Hilo kila mtoto analijua tangu shule ya msingi, na mimi nililijua pia. Mwalimu alichora uso wa saa ubaoni ili kunikomesha, akaweka mshale mfupi juu kulia. Nikautazama mshale ule, na kicheko cha wenzangu sikukisikia tena, kwa sababu nilikuwa nauona mlango wa kaskazini.

Nyumba iamshwe. Ni hilo neno lililoniponza. Anayeamsha nyumba saa saba mchana ni nani? Nilisikia kuamshwa, akili yangu ikaenda asubuhi, na mdomo ukaifuata.

Jioni ile nilichukua karatasi. Nikaandika, "Baba mpendwa, shikamoo," nikaishia hapo. Nataka niseme ukweli wa jambo hili bila kujipamba. Baba alikuwa amebandika ripoti yangu ya Kiingereza ukutani, juu ya runinga, ili kila anayekuja kucheza aione. Alikuwa ananiita mkalimani mbele za watu. Majirani walikuwa wakileta barua zao za ofisini wakisubiri nije likizo niwasomee. Kukubali kwamba mkalimani ameshindwa na neno moja, na neno lenyewe ni "moja", kulinishinda. Nikajiambia ni gemu tu, nitamweleza mwezi wa sita. Nikaikunja karatasi nikaitia chini ya godoro.

Barua yake ya mwezi wa nne ilisema amebadilisha mawe tena. Ya mwezi wa tano nilikuwa nayo kwa miaka mingi, na sihitaji kuiona ili niikumbuke. Aliandika kwamba juzi alisahau jina la padre akiwa anazungumza naye. Mama alimwambia ni jambo la kawaida. "Lakini mwanangu," aliandika, "mawe yale nimeyapima mara kumi na moja, hesabu ni ileile, na bado nakosea. Kama nashindwa hata na mizani ya kuchezea, basi yule kijana alikuwa na haki. Usiwe na wasiwasi, soma." Nilimjibu. Nilimwandikia habari za kwaya na za viatu vilivyonibana. Habari ya saa sikuigusa, maana sasa ilikuwa imeshakuwa ngumu zaidi kuliko mwezi wa tatu.

Mwezi wa sita nilifika nyumbani siku ya Ijumaa. Chumba cha mbele kilikuwa kimefagiliwa na mabenchi yamegeuzwa miguu juu. Mashine ilikuwa ndani ya boksi lake, imefungwa kamba ya katani. Mama alinipokea begi, akanivuta jikoni.

"Shehe anakuja kuichukua kesho," akasema. "Na baba yako anahamia Chiwanda kwa baba yako mdogo. Anasema anakwenda kupumzika. Anasema kichwa kimemwishia, asije akawa mzigo hapa mjini." Aliyasema hayo akikoroga ugali, kisha akaacha kukoroga. "Mtu mzima, ana nguvu zake, anaongea kama mgonjwa. Nimesema mpaka nimechoka. Hebu jaribu wewe, wewe anakusikiliza."

Baba alikuwa uani amekaa kwenye kigoda changu. Nikapiga magoti, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, akaniuliza habari za shule, na ilinichoma kuona hana penseli sikioni.

"Baba, naomba tuiwashe mara moja," nikamwambia. "Kabla haijaondoka."

"Nimeshajaribu vya kutosha."

"Naomba."

Aliifungua kamba mwenyewe, taratibu, fundo kwa fundo. Umeme ulikuwepo. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya mlango, pale alipokuwa amemwacha mara ya mwisho. Nikamwomba aning'inize mawe yale ya kwanza kabisa, ya siku ileile tuliyofika. Aliyajua bila kutazama daftari. Kisha nikachukua kontrola mikononi mwake nikauzungusha mshale mfupi, nikaupitisha juu, nikausimamisha kwenye kistari cha kwanza upande wa kulia.

"Hiyo ni saa saba," baba akasema.

"Ndiyo, baba. Moja yao ni saa saba yetu. Niliyekosea ni mimi. Mawe yako yalikuwa sawa tangu siku ya kwanza."

Nikagonga kengele. Ziwa halikuja. Saa ilianza kutembea, na mlango ukafunguka kwa ndani.

Sijui niieleze vipi furaha ya kilichokuwa humo. Shangazi aliingia kwenye ushoroba mfupi wenye giza, akasukuma pazia, na akawa amesimama katika chumba tulichokijua: jiko lilelile, dirisha lilelile la buluu, meza ileile. Ni nyumba ya mawe, ile tuliyoanzia sehemu ya kwanza na ya pili. Mlango tuliouhangaikia muda wote ule ulikuwa mlango wake wa nyuma. Tulikuwa tumeizunguka dunia yao nzima, juu na chini, ili tuingie nyumbani kwa njia nyingine, na saa ya ukutani ambayo hatukuwahi kuijali ilikuwa inagonga. Baba alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ni nyumbani," akasema. "Jamani, ni nyumbani!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka chini ya miwani, akaivua, akaifuta kwa shati. "Yalikuwa sawa," akasema tena, sasa kwa sauti ndogo. "Mawe yalikuwa sawa."

"Yalikuwa sawa, baba."

"Kwa hiyo hakikuwa kichwa changu."

"Hapana."

Akavaa miwani. Akanitazama, na nikaona yule karani wa mizani akisubiri mshale utulie.

"Umelijua hili lini?"

Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema ni sasa hivi, niliposhuka kwenye gari. Alikuwa ananitazama.

"Mwezi wa tatu," nikasema.

Alihesabu, nilimwona akihesabu. Hakunigombeza. Alikuwa baba mwenye hasira za haraka na nilizisubiri, nilizitaka hata, lakini aliangalia tu runinga, ambapo Shangazi alikuwa amesimama jikoni na taa yake.

"Ungeniandikia," akasema.

Nikaiokota kamba ya katani sakafuni, nikaanza kuikunja.

Kesho yake Shehe alipokuja baba alimpokea mlangoni na penseli sikioni, akamwambia mashine haiuzwi wala yeye haendi kokote. Akampa chai, akamsimulia kisa cha saa moja. Alikisimulia vizuri, na sauti yangu aliiiga, "Nyumba iamshwe saa moja," na Shehe alicheka hadi akapaliwa. Baada ya hapo alikisimulia kwa kila mtu. Alikisimulia kwa padre, kwa majirani waliokuja na barua zao za kusomewa, kwa baba mdogo alipopanda kutoka Chiwanda kuuliza kwa nini kaka yake hakuja. Miaka mingi baadaye, kwenye sherehe ya kuniaga nilipoolewa, alishika kipaza sauti akakisimulia mbele ya wakwe zangu, na ukumbi mzima uligonga meza kwa kicheko, na mimi nikacheka nao, kwa kuwa nilistahili.

Lakini ile miezi mitatu hakumwambia mtu. Katika masimulizi yake siku zote kosa liligunduliwa siku ileile nilipofika, nikiwa bado na vumbi la safari miguuni. Baada ya kumzika nilimuuliza mama, kwa kuzungukazunguka, kama baba aliwahi kumwambia nililijua lini. Mama alishangaa swali lenyewe. "Si ile Ijumaa uliyorudi?" akaniuliza.